Je, Wajua? Ua la Malkia lilitoka Mwadui

Kiini cha lile ua la almasi alilovaa kifuani Malkia Elizabeth II kilichimbwa Mwadui, Shinyanga. Almasi hiyo ya rangi ya waridi ilipatikana mwaka 1947, ikiwa na karati 54.5. Mwenye mgodi, Mkanada John Williamson, akampa Elizabeth, wakati huo akiwa bado binti mfalme, kuwa zawadi ya harusi. Ilipochongwa ikabaki karati 23.6 tu, zaidi ya nusu ikapotea! Mwaka 1953 masonara Cartier wa London wakaizungushia petali za almasi nyeupe, ikawa bruchi yenye umbo la ua la jonkwili. Waingereza wa karne ya 19, waliopenda kusemezana kwa maua, walilipa jonkwili maana ya kuomba kupendwa. Williamson asihusishwe na maana hiyo: umbo lilibuniwa na Frederick Mew wa Cartier, Williamson alitoa jiwe ghafi tu.