Nauli ya Kwenda Kutibiwa Mawazo

Kwetu milimani Taita, nilipokuwa mtoto, maradhi ya akili yalikuwa na jina moja tu, wazimu, na dawa yake ilikuwa moja, kamba. Mjomba wangu alipoanza kutembea usiku akihutubia migomba, wazee walikutana wakatoa shauri, na asubuhi yake nilimkuta amefungwa kwenye nguzo ya ghala, mikono nyuma. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ukatili. Mama alimlisha kwa mkono wake mwenyewe huku machozi yakimtoka. Hospitali ya kumtibu ilikuwa Mombasa au Nairobi, na kufika huko ni basi kutwa nzima, tena na mtu asiyetulia kitini.

Lakini, msomaji, si habari za mjomba ninazotaka kusimulia leo. Mjomba alikuwa na kelele, na mwenye kelele mwishowe hupata mtu wa kumshughulikia, hata kama ni wa kumfunga. Nataka kusimulia habari za mama mdogo, ambaye hakupiga kelele.

Mama mdogo alifiwa na mtoto wa miaka miwili, na kabla ya mwaka kuisha mumewe akaachishwa kazi katika shamba la mkonge. Akaanza kuamka saa tisa za usiku na kukaa ukingoni mwa kitanda hadi jogoo awike. Akaacha kwenda kanisani, akaacha kupalilia, akawa analalamika tumbo. Watu walimtazama wakasema, "Ana mawazo." Basi. Ana mawazo, kama vile mtu asemavyo fulani ana mafua. Kwenye dispensari alipewa dawa za tumbo mara tatu. Mara ya nne muuguzi mmoja alimtazama vizuri, akamwandikia barua aende hospitali kubwa ya mjini akamwone daktari wa akili.

Aliuza kuku wawili, akaenda, akapewa vidonge vya mwezi mmoja na kadi ya kurudia. Hakurudi. Kadi hiyo ilikaa ndani ya Biblia yake miaka mingi, tarehe ikiwa imeandikwa kwa wino mwekundu. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza mbona hakwenda.

"Na kuku wangebaki wangapi, mwanangu?" akanijibu.

Kuku hao nilikuja kuwakumbuka siku niliposoma habari za Dixon Chibanda, daktari wa akili wa nchi ya Zimbabwe. Mwaka 2005 alikuwa na mgonjwa, msichana aliyekuwa akimtibu maradhi ya huzuni, yale ambayo siku hizi yanaitwa sonona. Hali ya msichana ilipozidi, ilikubaliwa aletwe kwa daktari hospitalini. Siku zikapita, hawakutokea. Halafu habari ikaja kwamba msichana amejiua. Daktari alipouliza kwa nini hawakuja, alijibiwa kwamba nauli ya basi, dola 15, haikupatikana.

Chibanda ameisimulia habari hii hadharani, na asema ndiyo iliyomfanya aone kwamba daktari hawezi kukaa hospitalini akingoja wagonjwa. Lakini angekwenda wapi, na kwa miguu mingapi? Zimbabwe ilikuwa na madaktari wa akili kumi na wawili hivi kwa watu wanaokaribia milioni 14. Na mwaka huohuo wa 2005 serikali ilikuwa imebomoa vibanda na nyumba katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makao au riziki. Mtaa wa Mbare, mjini Harare, ulikuwa miongoni mwa iliyoumia.

Ni hapo Mbare alipoanza, mwaka 2006. Hakupewa wauguzi, maana walikuwa na kazi tele. Hakupewa chumba, maana zahanati ilikuwa imejaa. Alichopewa ni nyanya 14, akina mama watu wazima waliokuwa wakizunguka mtaani kufanya kazi za afya. Na kwa kuwa chumba hakikuwapo, wakaweka benchi nje, chini ya mti.

Daktari, kama walivyo wasomi, aliliita benchi la afya ya akili. Nyanya wakamwambia waziwazi kwamba hakuna mtu atakayekubali kuonekana amekaa juu ya kitu chenye jina hilo. Jina likabadilishwa. Kwa Kishona likawa Chigaro Chekupanamazano, na hapo Mswahili hahitaji mkalimani sana: ni kiti cha kupeana mashauri.

Hebu nikae kidogo kwenye lugha hiyo, maana naona siri nusu imo humo. Kishona na Kiswahili ni ndugu, lakini ndugu hawa wamegawana maneno kwa namna ya ajabu. Kwao kufunga maana yake ni kuwaza. Kufungisisa ni kuwaza kupita kiasi, mawazo yanayozunguka palepale usiku kucha bila kupata mlango. Niliposoma neno hilo mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa kuwa niliikumbuka ile nguzo ya ghala.

Nyanya wa Mbare hawakumwambia mtu ana sonona. Walimwuliza kama anafungisisa, na kila mtu alijua ni kitu gani. Wana orodha ya maswali 14, iliyotungwa humo humo Harare katika miaka ya 1990 na daktari Vikram Patel na wenzake, kwa maneno ambayo wagonjwa wenyewe walikuwa wakiyatumia. Je, wiki hii umekuwa ukiwaza mno? Umekosa usingizi? Tumbo limekuuma? Umetaka kulia? Kazi yako imerudi nyuma? Umefikia kuona afadhali kufa? Mtu hujibu ndiyo au la, na wenye ndiyo nyingi hukaribishwa kwenye benchi.

Wanachofanya hapo si kuhubiri, ingawa najua nyanya wengi wangependa. Hatua ya kwanza huitwa kuvhura pfungwa, yaani kufungua mawazo: mgeni hutoa yote yanayomsumbua, kodi ya nyumba, mume, ugonjwa, mtoto asiyesikia. Kisha huambiwa achague moja tu. Moja! Hilo ndilo litakalotafutiwa njia, naye mwenyewe ndiye atakayeitaja njia hiyo, nyanya akimsaidia tu kuipima. Hatua mbili zinazofuata ni kuinuliwa na kutiwa nguvu. Vikao ni kama sita, kisha huingizwa katika kikundi cha waliopita njia hiyohiyo, ambako wanaendelea kuongea huku wakifuma mikoba ya plastiki.

Msomaji mwenye shaka atasema hayo ni mazungumzo ya kisimani tu. Nami nilisema hivyo. Lakini mwaka 2016 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573, wengi wao wanawake. Baadhi walipata huduma ya kawaida ikiongezwa mafunzo kidogo, wengine wakapelekwa kwa nyanya. Baada ya miezi sita, wale wa huduma ya kawaida waliobaki na dalili za sonona walikuwa 50 katika kila 100. Wale wa benchi walikuwa 14. Tangu hapo benchi limevuka mipaka hadi Malawi na Unguja, na hata Washington.

Sasa nisije nikadhaniwa nauza dawa ya kutibu kila kitu. Mjomba wangu asingetibiwa na benchi. Aliyekuwa akiongea na migomba alihitaji vidonge, tena kila mwezi bila kukosa, na muuguzi wa kumfuatia. Nyanya wa Harare wanalijua hilo na hufunzwa kumpeleka mbele mgonjwa aliyewazidi. Mbele huko pakiwa hapana kitu, benchi litakuwa limempunguzia mtu hatua ya kwanza tu.

Na kwetu Kenya, mbele ni mbali. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910, enzi za ukoloni, ikiwa mahali pa kuwatenga watu hao zaidi ya kuwatibu, na kwa miaka mingi jina lake lilikuwa tusi midomoni mwetu. Mwaka 2020 jopo lililoundwa na serikali lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la taifa. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu cha 226 kuwa kinakiuka katiba, mtu aliyejaribu kujiua aliweza kushtakiwa kama mwizi. Hebu fikiria swali lile la afadhali kufa, unaulizwa katika nchi ambayo jibu lake linakaribiana na kesi!

Hatukukaa bure kabisa. Kule Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake waliwafunza wahudumu wa vijijini, na hata waganga wa kienyeji na watu wa maombi, kuwatambua wagonjwa hawa na kuwaelekeza kwenye tiba. Wako waliokasirika kusikia mganga anaketishwa meza moja na daktari. Mimi sikukasirika. Kwetu milango ya kwanza kubishwa ilikuwa ya mganga na ya mchungaji, na mtu haendi asikokujua.

Tena mwaka 2023 serikali iliwapa wahamasishaji wa afya zaidi ya 100,000 mikoba ya vifaa na ahadi ya posho ya Sh5,000 kwa mwezi. Hilo la posho si dogo. Nyanya wa Mbare walikuwa wakilipwa na baraza la mji. Huruma peke yake hainunui unga, na anayedhani kazi ya kusikiliza si kazi na aijaribu kutwa moja.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani. Mama mdogo sasa ni mzee, hajapona kabisa wala hajazama, na usingizi wake bado ni wa mang'amung'amu. Nilimsomea yale maswali 14 kwa lugha ya kwetu, tukiwa tumekaa tunachambua mbaazi. Alipofika la sita alininyamazisha kwa mkono. "Hao watu," akasema, "walinijuaje mimi?"

Siku ya pili akapita mhamasishaji, binti wa jirani, na mkoba wake mgongoni. Akampima presha, akampima sukari, akaandika, akafunga daftari. Alikuwa na nyumba nyingine nyingi za kupitia kabla ya mvua. Mama mdogo akamwuliza kama ana haraka sana, huku amekwisha kumvutia kigoda.