Ufundi Gerezani (Sehemu ya Tatu): Kosa Libaki Mlangoni

Msamaha wa wafungwa uliotangazwa wiki hii umenirudisha kwenye mada yetu mapema kuliko nilivyopanga. Jirani yangu alipousikia redioni aliguna: "Hao wakirudi mtaani watakula nini?" Swali hilo lina zaidi ya miaka mia nne.

Mwaka 1596 watawala wa Amsterdam waligeuza nyumba ya watawa kuwa gereza la kazi. Wafungwa, wawili wawili, walivuta msumeno mzito juu ya gogo gumu jekundu kutoka Brazil mpaka likawa unga wa kutilia nguo rangi. Mji ulipata fedha. Mfungwa alipata vumbi. Tena kazi hiyo ilikuwa haki ya gereza peke yake, hivyo aliyetoka hakuwa na pa kuuza alichokijua. Kufanyishwa kazi si kufundishwa kazi.

Ndiyo maana sichoki kumtaja Kanali Manuel Montesinos, aliyesimamia gereza la Valencia, Hispania, kuanzia miaka ya 1830. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa mateka wa vita huko Ufaransa. Alifungua karakana, akamwacha mfungwa achague ufundi na apate sehemu ya mapato. Alishika msemo wake: gereza humpokea mtu, kosa hubaki mlangoni. Mafundi wa mjini wakalalamika kwamba wafungwa wanawaharibia soko. Kwangu, hakuna ushahidi unaozidi huo, kwani bidhaa mbovu haimnyimi mtu usingizi.

Kwetu, Gereza la Karanga, Moshi, linatengeneza viatu tangu miaka ya 1970. Aliyepitia karakana ya viatu anajua kuvuta ngozi juu ya kalibu na kushona soli isiachie. Lakini siku ya kutoka, kalibu na cherehani hubaki ndani. Taasisi ya RAND ya Marekani ilionyesha mwaka 2013 kwamba waliosoma gerezani walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudia makosa, kwa asilimia 43. Faida hiyo tutaipataje ikiwa fundi anarudi mikono mitupu, na kila mwenye duka anamuuliza alikuwa wapi?

Anayesamehewa apewe cheti kisichotaja gereza, na sanduku la vifaa. Nawe msomaji, kiatu chako kikiachia soli, mpelekee yeye, umlipe bei ileile unayomlipa fundi mwingine.