Chaneli Moja Kuongoza Nyingine: Uunganishaji wa Vigae vya Picha za Hadubini kwa Programu ya Mstari wa Amri

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna vigae vya picha za hadubini zenye chaneli nyingi vinavyounganishwa kuwa mosaiki moja kwa kutumia programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi. Mfano uliotumika ni programu ya ASHLAR. Hoja ya makala ni kwamba mosaiki si picha iliyopigwa, bali ni makadirio yaliyojengwa juu ya chaneli moja iliyoteuliwa kuziongoza nyingine. Kwa sababu hiyo, uteuzi wa chaneli hiyo ni sehemu ya mbinu za utafiti, na unapaswa kuelezwa na kuhakikiwa kama mbinu nyingine yoyote.

1.0 Utangulizi

Hadubini yenye lenzi ya kukuza mara 20 haiwezi kuona kipande kizima cha tishu kwa mara moja. Tuchukulie kamera yenye pikseli 2048 kwa 2048, ambapo kila pikseli inawakilisha maikromita 0.325. Picha moja itafunika takriban maikromita 666 kwa kila upande. Ili kufunika tishu yenye ukubwa wa milimita 15 kwa 15, huku kila picha ikipandana na jirani yake kwa asilimia 10, zitahitajika safu 25 zenye picha 25 kila moja, yaani picha 625. Katika makala haya, kila picha ya aina hiyo inaitwa kigae, na sehemu ya tishu inayoonekana katika vigae viwili jirani inaitwa ukanda wa mpandano.

Idadi hiyo huongezeka pale chaneli zinapokuwa nyingi. Katika mbinu ya CyCIF, iliyoelezwa na Lin na wenzake wa Harvard Medical School mwaka 2015, tishu ileile hupigwa picha kwa mizunguko. Kwa kawaida, kila mzunguko huwa na chaneli nne: moja ya rangi inayong'arisha DNA ndani ya viini vya seli, na tatu za kingamwili zinazotambua protini mahususi. Baada ya picha kupigwa, mng'aro wa kingamwili huzimwa kwa hidrojeni peroksidi na mwanga, kisha tishu hupakwa kingamwili nyingine. Kwa mfano wetu, vigae vya biti 16 katika mzunguko mmoja vitachukua takriban gigabaiti 21, na mizunguko 10 itachukua takriban gigabaiti 210. Data ya ukubwa huo haiunganishwi kwa mkono, na ni vigumu kuishughulikia katika dirisha la programu ya kubofya.

2.0 Chanzo cha Tatizo

Meza ya hadubini huandika mahali ilipokuwa wakati kila kigae kilipopigwa. Laiti maandishi hayo yangekuwa sahihi kabisa, kuunganisha kungekuwa kazi ya kupanga tu. Hata hivyo, skrubu na gia za meza huwa na ulegevu, vyuma hutanuka kwa joto, na slaidi inayotolewa na kurudishwa kati ya mizunguko hairudi pale pale ilipokuwa.

Kosa dogo lina madhara makubwa. Upotofu wa maikromita 3 ni sawa na pikseli 9 hivi katika mfano wetu. Limfosaiti nyingi zina kipenyo cha maikromita 7 hadi 10, hivyo upotofu huo unafikia theluthi moja ya seli au zaidi. Kwenye mshono wa vigae viwili, seli moja inaweza kuonekana mara mbili. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine, mng'aro wa seli moja unaweza kuangukia juu ya jirani yake. Mathalani, CD8 huonekana katika limfosaiti T za kuua, ilhali keratini huonekana katika seli za epithelia. Mosaiki iliyopotoka inaweza kumpa mtafiti "seli" yenye CD8 na keratini kwa pamoja. Seli hiyo haipo ndani ya tishu. Imezaliwa na kompyuta.

3.0 Namna Programu Inavyokadiria Mahali pa Vigae

Msingi wa kwanza ni ulinganishaji wa awamu, mbinu iliyowasilishwa na Kuglin na Hines mwaka 1975. Picha mbili za kitu kilekile zinapotofautiana kwa kusogea tu, mageuzi yake ya Fourier hutofautiana katika awamu. Tofauti hiyo ikirejeshwa katika umbo la picha, hutokea kilele kimoja kinachoonyesha ni pikseli ngapi kigae kimoja kimesogea dhidi ya kingine.

Msingi wa pili ni upatanishi wa jozi zote. Kila kigae kina majirani kadhaa, na makadirio ya jozi moja yanaweza kupingana na ya jozi nyingine. Preibisch, Saalfeld na Tomancak (2009) walitatua mgongano huo kwa kutafuta mpangilio unaopunguza jumla ya makosa katika mosaiki nzima. ASHLAR, iliyoelezwa na Muhlich na wenzake mwaka 2022, inafuata njia tofauti: vigae huchukuliwa kama vifundo vya grafu, na programu hujenga mti unaoviunganisha kwa kupitia jozi zinazoaminika zaidi.

Swali ni lipi kipimo cha kuaminika. Programu hii huteua kwa bahati nasibu jozi za vigae visivyo jirani na kuzilinganisha. Kwa kuwa vigae hivyo havina tishu ya pamoja, mfanano wowote unaopatikana ni wa kubahatisha, na kutokana nao huwekwa kizingiti. Jozi halisi isiyokivuka kizingiti hicho hukataliwa. Kigae kinachobaki bila jozi ya kuaminika, kama vile kigae cha kioo kitupu, huwekwa mahali pake kwa kanuni ya mstari inayokokotolewa kutokana na vigae vilivyofanikiwa na maandishi ya meza.

Mzunguko wa kwanza ukishaunganishwa, kila kigae cha mizunguko inayofuata hulinganishwa na kigae cha mzunguko wa kwanza kilicho mahali pamoja nacho. Hesabu hizi zote hufanywa katika chaneli moja tu. Chaneli nyingine hufuata mahali palipopatikana, kwa dhana kwamba meza haikusogea wakati chaneli za kigae kimoja zilipokuwa zikipigwa.

4.0 Amri na Maana Yake

Amri ya kuunganisha mizunguko miwili inaweza kuandikwa hivi:

`ashlar mzunguko1.ome.tif mzunguko2.ome.tif -o mosaiki.ome.tif --align-channel 0 --maximum-shift 30`

Majina ya mwanzo ni mafaili ya vigae, na jina linalofuata `-o` ni faili la matokeo. Kigezo cha `--align-channel` hutaja chaneli kiongozi. Hesabu huanzia 0, hivyo 0 ni chaneli ya kwanza, ambayo katika CyCIF huwa ni ya DNA. Chaneli hii hufaa kwa sababu viini vimeenea karibu kila mahali penye seli, na DNA hupigwa picha katika kila mzunguko. Kigezo cha `--maximum-shift` huweka kikomo cha masahihisho kwa maikromita. Kisipotajwa, kikomo huwa 15. Kikomo kidogo mno hukataa masahihisho ya kweli, na kikubwa mno huruhusu mfanano wa kubahatisha.

Kabla ya hapo, mwangaza usio sawa unapaswa kusahihishwa. Kingo za kigae huwa na giza kuliko katikati, na umbo hilo la giza hujirudia katika kila kigae. Lisipoondolewa, ulinganishaji unaweza kushika kivuli badala ya tishu. Mbinu ya BaSiC ya Peng na wenzake (2017) hukadiria umbo hilo, na matokeo yake huingizwa katika ASHLAR kwa vigezo vya `--ffp` na `--dfp`.

5.0 Makosa Yanayoonekana na Yasiyoonekana

Mtafiti alikumbana na makosa ya aina mbili. Katika jaribio la kwanza, mosaiki ilitoka kama kitambaa kilichochanwa, kwa kuwa meza ilihesabu wima kwa mwelekeo ulio kinyume na ule uliotarajiwa na programu. Kigezo cha `--flip-y` kilitatua tatizo hilo. Kosa la namna hii halina hatari, kwani hujitangaza lenyewe.

Kosa la pili lilikuwa la kimya. Mtafiti aliteua chaneli ya kingamwili iliyong'aa katika sehemu tu ya tishu kuwa kiongozi. Vigae vya upande usiong'aa vilikosa jozi za kuaminika, vikawekwa kwa kanuni ya mstari. Ikitazamwa kwa mbali, mosaiki ilipendeza na haikuonyesha mshono wowote. Tatizo lilibainika baadaye, pale seli zenye alama mbili zisizopatana kibiolojia zilipojitokeza kwa wingi upande mmoja wa tishu. Hesabu za seli zilizokwisha kuandikwa katika sura ya matokeo zilifutwa, na kazi ikaanza upya kwa chaneli ya DNA.

Kutokana na tajiriba hiyo, makala haya yanapendekeza uhakiki wa aina tatu. Kwanza, DNA ya mzunguko wa kwanza ionyeshwe kwa rangi nyekundu na ya mzunguko wa mwisho kwa kijani. Viini vilivyolingana vitakuwa vya njano, na vilivyopotoka vitakuwa na kingo za rangi mbili. Pili, upotofu upimwe kwenye mikanda ya mpandano kwa chaneli ambayo haikuwa kiongozi, ili shahidi asiwe yuleyule mtuhumiwa. Tatu, tofauti kati ya chaneli zenyewe ipimwe kwa shanga ndogo zinazong'aa rangi nyingi, kwa sababu lenzi na vichujio huweza kusogeza rangi moja dhidi ya nyingine, na uunganishaji wa vigae hausahihishi upotofu huo.

6.0 Hitimisho

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mosaiki laini ya tishu nayo imeundwa, na ulaini wake si uthibitisho wa usahihi wake; baadhi ya programu huchanganya kingo za vigae kiasi cha kuuficha mshono uliokosewa. Faida kubwa ya mstari wa amri ni kwamba maamuzi yote ya uundaji hubaki katika maandishi. Hivyo basi, tasnifu inayotegemea picha za namna hii inapaswa kuambatisha amri kamili, toleo la programu, chaneli kiongozi, kikomo cha masahihisho na idadi ya vigae vilivyowekwa kwa makadirio ya mstari. Mtahini akiwa na taarifa hizo pamoja na vigae ghafi, anaweza kuirudia kazi na kuipima. Akikosa taarifa hizo, ataombwa kuiamini picha kwa sababu tu inapendeza.