Rundo la miito: "mwisho" ni upi?

Rundo (nm ma- [li-/ya-]) ni vitu vilivyowekwa kimoja juu ya kingine. Wataalamu wa kompyuta wanahitaji neno kama hili kwa sehemu ya kumbukumbu ambamo kilichowekwa mwisho ndicho hutolewa kwanza. Anayepanga matenga ya nyanya katika soko la Mabibo, wilayani Ubungo, hana haja ya kuelezwa: tenga la juu ndilo litakaloondolewa kwanza. Foleni ni kinyume chake. Abiria anayesubiri mwendokasi Ubungo hutarajia (kutarajia hakukatazwi) kwamba aliyetangulia kufika ndiye atakayetangulia kupanda. Mtafsiri asiyatumie maneno haya mawili kana kwamba ni visawe.

Programu hujengwa kwa funksheni nyingi zinazoitana. Funksheni inapoita nyingine, huhifadhiwa anwani ya kurejea, yaani mahali pa kuendelea na kazi baada ya wito kwisha, na miito inapozidi kuingiliana anwani hizo hulimbikizana rundoni. Programu ikikwama, fundi huzisoma kuanzia juu kwenda chini, akajua nani alimwita nani. Orodha apatayo tunaweza kuiita nyayo za miito. Wengine huandika "ufuatiliaji nyuma", lakini hilo hutaja kitendo, ilhali kinachotajwa ni orodha yenyewe.

Kazi huwa ngumu zaidi programu inapokuwa imepachikwa ndani ya kifaa kama mita ya LUKU au ruta ya intaneti, ambamo hamna nafasi ya zana kamili za uchunguzi. Katika ruta inayotumia Linux, fundi huendesha humo programu ndogo iitwayo gdbserver, na katika kompyuta yake huendesha GDB. Mbili hizo huwasiliana kwa waya au kwa mtandao. Kisha huandika amri bt na kusubiri nyayo.

Mara nyingi hupata alama za kuuliza tu. Sababu ya kawaida ni kwamba majina ya funksheni yaliondolewa katika programu ili kupunguza ukubwa wake. Dawa ni kuipa GDB nakala yenye majina, iliyotokana na ujenzi uleule hasa, pamoja na nakala za maktaba za programu zilizomo katika kifaa. Nakala ya toleo jingine, hata likitofautiana kidogo, huweza kuonyesha majina yasiyo sahihi, na hilo ni baya kuliko alama za kuuliza, kwa kuwa fundi huyaamini. Aidha, kikusanyi kinachoboresha kasi huweza kuacha kutunza kielekezi cha fremu. Pasipo majedwali ya kusaidia kurudi nyuma, nyayo hukatika njiani.

Hata nyayo zikiwa kamili, mtafsiri huweza kuziharibu kwa neno moja: mwisho. GDB huanza na namba 0, funksheni ambamo programu imesimama, kisha hushuka hadi ilikoanzia. Python huzipanga kinyume: wito wa karibuni kabisa huwa chini. Sasa mwongozo ukisema "tazama wito wa mwisho", msomaji atazame wapi? Kwa wakati, wito wa mwisho katika GDB ni mstari wa kwanza. Kwa orodha, ni mstari wa chini, nao kwa kawaida huonyesha main, ambako huenda hamna kosa lolote. Kiswahili hakina lawama hapa, maana "mwisho" hubeba maana zote mbili kihalali. Anayetafsiri na aandike "wito wa karibuni kabisa" anapokusudia wakati, na "mstari wa chini" anapokusudia mahali.

Neno "juu" nalo linahitaji uangalifu darasani. Katika vichakato vingi rundo hukua kuelekea anwani zenye namba ndogo, hivyo kilicho juu ya rundo huwa na anwani ndogo kuliko kilicho chini yake. "Juu" hapa ni mpangilio wa kuwekwa na kutolewa, si ukubwa wa namba.