Nimonia Haitoki Sakafuni

"Daktari, ni ile baridi ya sakafu, sivyo?" Kila Julai, kuanzia Kimbo hadi Thika, swali hili hunifikia kabla sijamgusa mtoto. Anayeuliza ni mama, na nyuma yake amesimama shosho ambaye hukumu alishaitoa nyumbani: mtoto aliachwa atambae bila soksi. Naomba nijibu leo kwa maandishi, nipumzike. Si baridi ya sakafu.

Nimonia huletwa na virusi na bakteria, na simenti haizai chochote kati ya hivyo. Asiyeniamini afike Kilifi. Utafiti wa PERCH, uliofanywa katika nchi 7, Kilifi ikiwemo, na kuchapishwa 2019, ulikuta kwamba virusi vya RSV ndivyo vilivyoongoza: karibu thuluthi moja ya nimonia kali za watoto ilitokana navyo. Sasa, Kilifi virusi hivi huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka na kushika kasi Januari na Februari, wakati hata mbuzi wanagombania kivuli. Baridi ya sakafu ilitokea wapi huko?

Vinakotoka tunakujua. Patrick Munywoki na wenzake, hukohuko Kilifi, walifuatilia kaya 47 zenye watu 493 kwa miezi sita, kuanzia Desemba 2009, wakichukua sampuli puani mara mbili kwa wiki kwa anayekohoa na asiyekohoa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mtafiti wa mapafu ya watoto. Anayedhani ni koti jeupe na safari za mikutano, ajaribu kumshawishi mtoto wa miaka mitatu kwamba kijiti cha leo hakitauma kama cha juzi. Walichokuta ni kwamba wachanga walioambukizwa na watu wa nyumbani mwao, wengi waliletewa ugonjwa na ndugu zao wakubwa, hasa wanaokwenda shule. Kwa hiyo mshukiwa ni yule wa darasa la PP2 anayeingia na kamasi na kumbusu mdogo wake hata kabla ya kuvua begi.

Lakini, mtauliza, sweta ina ubaya gani? Basi nieleze. Mtoto huletwa kwangu na boshori, sweta mbili, shali, na blanketi juu yake. Nikimfungua, jasho linamtiririka. Nikiuliza amekuwa akipumua vipi, wazazi wanatazamana, kwa maana kifua chenyewe hakijaonekana tangu juzi. Na huko nyumbani, kwa kuiogopa baridi hiyohiyo, dirisha limefungwa na jiko la makaa limeingizwa chumbani. Moshi unayachokoza mapafu madogo, na ile gesi ya makaa isiyo na harufu inaweza kuimaliza familia nzima kabla ya alfajiri. Mtoto njiti au mchanga kabisa anahitaji joto, sikatai. Wengine, nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe inatosha.

Haya, ya kufanya, haraka. Chanjo ya bakteria wa nimokoka, wiki ya 6, 10 na 14. Kenya iliianza 2011, na Kilifi watoto waliolazwa kwa nimonia inayoonekana kwenye eksirei walipungua karibu nusu. Jiko nje, dirisha wazi. Wa PP2 anawe mikono kwanza. Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi dakika nzima: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 hadi atimize mwaka, 40 kutoka hapo hadi miaka 5, huyo anapumua mbio. Mpeleke kituo cha afya leo, vivyo hivyo ukiona chini ya mbavu panabonyea ndani. Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, au akiwa hajafika miezi 2 na anapumua mbio, ni hospitali, Ruiru Level 4 au Thika Level 5, hata kama ni saa nane usiku.

Na msinidai sindano. Mwaka 2015 Ambrose Agweyu na wenzake walichapisha majaribio ya watoto 527 katika hospitali za Kenya: hata kwa waliobonyea kifua, amoksilini ya kumeza haikushindwa na sindano za penisilini. Ila ni dozi kamili iliyoandikwa baada ya mtoto kupimwa, si vidonge vinne vya kemisti kwa sababu hela zilizobaki ni za nauli.