Siri ya ukoo mpe daktari

Posa ikipelekwa Runyenjes au Nkubu, wazee huulizia ukoo kabla ya kutaja mbuzi: kule kuna wazimu? Swali hilo ni la zamani na lina ukweli ndani yake. Ubaya ni kwamba posa huweza kuvunjikia hapo, na familia ikajifunza kunyamaza.

Ugonjwa wa bipola humpandisha mtu kwenye msisimko usio na usingizi, kisha humtupa katika huzuni nzito. Nao hufuata damu kweli. Katika watu 100, mmoja au wawili huupata. Mzazi au ndugu wa tumbo moja akiwa nao, hatari hufika karibu 10 kwa 100. Maana yake, takriban 90 hawaupati. Hata pacha wa kufanana, mmoja huweza kuugua na mwenzake akabaki mzima.

Waembu humpa mtoto jina la babu yake likiwa zima. Lakini jeni hurithiwa kama shamba la ukoo: vipande vingi vidogo, kila mtoto na fungu lake, wala hakuna kipande kimoja kinachotosha kuleta ugonjwa. Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wa KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, walijiunga na wenzao wa Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini kukusanya mate ya maelfu ya watu na kusaka vipande hivyo ndani yake, katika utafiti wa NeuroGAP-Psychosis.

Aliyerithi fungu zito ana ngao moja kubwa, usingizi. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere zina kathinoni, kichangamshi kinachoufukuza. Kijana wa ukoo wenye bipola akikesha akitafuna, anauita ugonjwa.

Sasa tazama chumba cha daktari. Mama ameketi, kiondo mapajani. Mwanawe hali, hasemi. Daktari anauliza kama kuna mwingine nyumbani aliyewahi kuugua akili. Mama anamkumbuka kaka yake, aliyegawa ng'ombe wote kwa wiki moja huku akiimba usiku kucha. Anatazama sakafu, anajibu, "Hakuna."

Kwa jibu hilo, kijana huweza kupewa dawa za huzuni peke yake, na kwa mwenye bipola dawa hizo huweza kuwasha msisimko. Ukweli ungemfanya daktari afikirie tiba nyingine, kama lithiamu, inayotumika kutuliza msisimko huo tangu 1949.

Mama, mtaje huyo mjomba.