Seti Isiyo na Maelezo: Mwalimu Afanye Nini Akingoja?

Huenda zana za kufundishia zikawa kamili, na bado somo lisifundishike, kwa sababu karatasi ya maelezo haikuja pamoja nazo. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kuutumia muda wa kuingoja karatasi hiyo, kwa mfano uliotupata chuoni.

Mfano wenyewe

Tulinunua seti kumi za taa ya kumetameta kwa muuzaji mdogo, mtu azifungashaye mwenyewe nyumbani kwake. Kila mfuko ulikuwa na ubao wa saketi, rezista, kapasita, diodi itoayo mwanga na chipu moja. Maelezo hayakuwamo, kijikaratasi kilisema yangefuata. Zilibaki wiki tatu kabla ya wanachuo wetu kwenda kufundisha mada ya umeme Darasa la Sita. Tulimwandikia, akajibu kwamba angali akiyaandika. Mwanachuo mmoja alikosa subira, akaunga betri kwa kubahatisha. Kumbe ncha aliziunga kinyume. Chipu ikapata moto, ikaharibika. Tukabaki na seti tisa.

Kwa nini maelezo huchelewa

Muuzaji wa namna hii ndiye mbuni, ndiye karani, ndiye tarishi. Kuandika maelezo humjia mwisho, maana yeye hayahitaji: yote yamo kichwani mwake. Lakini kazi hii yaweza kufanywa vizuri. Kampuni ya Heath ya Benton Harbor, Michigan, nchini Marekani, iliyoanza kuuza seti za elektroniki mwaka 1947, ilisifika hasa kwa vitabu vyake vya maelezo. Kila hatua iliandikwa peke yake, na kando yake paliachwa nafasi ya kutia alama hatua hiyo ilipokamilika.

Yafaayo kufanywa

(a) Visomwe vipande vyenyewe. Rezista hueleza thamani yake kwa rangi: nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8 na nyeupe 9. Katika rezista ya mistari minne, miwili ya kwanza hutoa tarakimu, na wa tatu hutaja idadi ya sifuri. Njano, zambarau na kahawia ni omu 470. Mguu mrefu wa diodi itoayo mwanga ndio wa chanya. Kapasita ya umbo la mkebe kwa kawaida huwa na mstari upande wa hasi.

(b) Itafutwe namba ya chipu. Yetu iliandikwa 555, chipu iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971, ikaanza kuuzwa na kampuni ya Signetics mwaka 1972. Maelezo yake hutolewa na watengenezaji wa chipu, hivyo hapana haja ya kumngoja muuzaji wa seti. Ukiitazama kwa juu, miguu minane huhesabiwa kutoka penye alama, kinyume cha mwendo wa saa. Mguu wa 1 huenda kwenye hasi ya betri, wa 8 kwenye chanya.

(c) Betri isiungwe kwa kubahatisha. Kusoma na kupanga vipande hakuharibu kitu. Umeme ulioungwa vibaya huharibu.

(d) Muuzaji aulizwe swali mahususi. Tulipouliza, “Maelezo yako wapi?” tulipewa ahadi. Tulipouliza, “Waya mwekundu waingia tundu lipi?” tulijibiwa siku ile ile.

(e) Wanachuo waandike maelezo yao. Wetu waligawanyika makundi matatu. Kila kundi likaunda taa kwa kufuata karatasi ya kundi jingine, bila kuuliza neno. Penye kukwama, mwandishi alisahihisha karatasi yake.

Hitimisho

Karatasi ya muuzaji ilifika siku nne kabla ya safari. Tuliilinganisha na yetu. Yake ilikuwa na mchoro bora kuliko wetu, lakini haikutaja betri iungwe upande gani. Yetu iliutaja upande huo katika mstari wa kwanza, kwa kuwa sisi ndio tuliounguza chipu.

Mwalimu mtarajiwa, kosa la muuzaji huyo ni letu pia. Sisi nasi hufundisha tuyajuayo, tukaruka hatua tunayoiona nyepesi, na mtoto akakwama papo hapo. Kabla hujaingia darasani, mpe mwenzio asiyesoma somo lako maagizo uliyoyaandika, ayafuate, nawe ukae kimya. Atakaposimama, hapo ndipo pa kuandika upya.